Wewe, Yeye na Facebook: Nani Hasa Ana Sauti Ndani ya Nyumba?

Hebu nianze na swali la uchokozi kidogo, mpenzi msomaji. Kwenye uhusiano wako, nani aliamua kwamba mwenzako ana haki ya kujua kama umeshasoma ujumbe wake au bado? Mlikaa mkajadili? Mshenga alilileta? Kungwi alilitaja siku ile ya kicheni pati? Wapi! Lilipitishwa Novemba 2014 na watu wa California ambao hawakujui wala hawamjui mumeo, pale WhatsApp walipoleta zile tiki mbili za bluu. Kabla ya hapo mtu aliweza kusema "meseji yako sikuiona, mpenzi", na maisha yakaendelea. Baada ya hapo, "umesoma ukanyamaza" likawa kosa linalojitegemea, lenye kesi yake na adhabu yake.

Baadaye wakaleta njia ya kuzizima. Lakini ukizizima zako na za wenzako huzioni, na kwenye magrupu hazizimiki kabisa. Halafu jaribu kuzizima leo usiku, kesho asubuhi umweleze mwenzako kwa nini. Umeona shughuli yake?

Kwenye kurasa zetu za ushauri tumezoea kuyachukulia mambo haya kama ugomvi wa watu wawili. Mwambie ukweli, mpe nafasi, msikilizane. Sawa. Ila kadiri ninavyozidi kuhariri barua hizo ndivyo ninavyomwona mtu wa tatu ndani ya chumba, ambaye hatumhesabu, na huyo ndiye aliyepanga viti. Anaitwa Meta, jina ambalo kampuni ya Facebook ilijipa Oktoba 2021. Ana Facebook, ana Instagram, ana WhatsApp, na kila moja kati ya hizo tatu ina watumiaji wapatao bilioni 3 kwa mwezi. Sina ugomvi na mtu anayekesha Instagram, mimi mwenyewe nimo. Kinachonisumbua ni kwamba mwenye nyumba huyu anaweza kubadilisha milango na madirisha tukiwa tumelala, na siku ukitaka kuhama utashindwa kwa sababu ndugu zako wote wamebaki ndani.

Tulivyoingia

Mwaka 2008 nikiwa mwaka wa kwanza chuo, mitandao tuliyoringia ilikuwa Hi5 na Yahoo Messenger. Unalipia nusu saa intaneti kafe, picha inafunguka taratibu kuanzia paji la uso, ikifika kidevuni muda umekwisha. Facebook ilikuwa imeanza Februari 2004 kwa wanafunzi wa Harvard tu, na Septemba 2006 ikafunguliwa kwa kila mwenye miaka 13 na kuendelea. Mwaka 2009 ikapata toleo la Kiswahili. Basi tukahama Hi5 bila hata kuaga. Naomba ukumbuke jambo hilo: enzi zile kuhama kulikuwa rahisi namna hiyo, maana hatukuwa tumeacha kitu cha maana kule zaidi ya picha tumevaa miwani ya jua usiku.

Kisha manunuzi yakaanza. Aprili 2012 Facebook ikatangaza kuinunua Instagram, kampuni yenye wafanyakazi 13, kwa dola bilioni 1. Februari 2014 ikatangaza kuinunua WhatsApp, yenye wafanyakazi kama 55, kwa dola bilioni 19. Huku kwetu nako mlango ukafunguliwa kwa bei ya chee: Oktoba 2014 kampuni hiyo ikishirikiana na Tigo (ambayo tangu 2024 inaitwa Yas) ilileta Tanzania programu ya Internet.org, iliyomwezesha mtu kuingia Facebook na kurasa nyingine chache bila kulipia bando. India walipoletewa kitu hicho hicho walikataa; Februari 2016 mdhibiti wao wa mawasiliano alipiga marufuku mpango wa baadhi ya tovuti kuwa bure na nyingine kulipiwa. Sisi tulishangilia. Na kusema kweli, kwa mwanafunzi mwenye shilingi 500 mfukoni, nani asingeshangilia?

Barua pepe za ndani za kampuni hiyo ziliwekwa hadharani na wachunguzi wa Marekani mwaka 2020, na katika moja ya mwaka 2008 mwasisi wake, Mark Zuckerberg, anasema wazi kuwa afadhali kununua kuliko kushindana. Desemba mwaka huo Tume ya Biashara ya nchi hiyo ikafungua kesi, ikidai Instagram na WhatsApp zilinunuliwa ili kuua ushindani. Kesi ikachukua miaka. Novemba 2025 Jaji James Boasberg akaipa kampuni ushindi: serikali imeshindwa kuthibitisha kwamba Meta ina ukiritimba kwa sasa, ikizingatiwa kuwa TikTok na YouTube zipo.

Kwa kijana wa Marekani anayetafuta video za kuchekesha, huenda jaji ana hoja. Lakini ningependa mheshimiwa huyo aje akae walau wiki moja kwenye kamati ya harusi Tabata.

Kamati haikai TikTok

Unazijua hizo kamati. Hukuombwa, umeongezwa tu. Asubuhi unaamka umo, mwenyekiti keshasalimia "wanakamati wapendwa", na mweka hazina keshabandika orodha yenye jina lako na mstari mtupu mbele yake. Kila anayeahidi anainakili orodha nzima, anaongeza kiasi chake, anairusha tena. Laki moja, ahadi. Elfu hamsini, imelipwa, tiki ya kijani. Kikao cha tatu kinahamishwa kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine saa moja kabla ya muda, na tangazo liko humo humo.

Na hilo ni grupu moja. Kuna la kikoba, la wazazi wa darasa la pili, la jumuiya, la ofisi, la ofisi bila bosi, la ukoo, la ukoo bila shemeji fulani. Anayeuza keki anaweka picha Instagram, anaandika "bei inboksi", anapokea oda WhatsApp. Anayeuza magauni ya mtumba anayapiga picha alfajiri na kuyapandisha kwenye stetasi kabla hajanywa chai. Hatukukaa kikao kuamua kwamba uchumi wetu mdogo mdogo na taarifa zetu za misiba vitakaa kwenye seva za kampuni moja ya kigeni. Tulifuata walipo watu, na watu walifuata walipo watu.

Nguvu hiyo tuliiona wazi Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021. Saa kumi na mbili na dakika 39 jioni, kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima. Wengi tulizima na kuwasha simu, tukaongeza bando, tukailaumu kampuni ya simu. Chanzo kilikuwa amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida, ikakata mawasiliano kati ya vituo vyao vya data. Na kwa kuwa vituo hivyo vinalindwa kweli kweli, hata mafundi wenyewe walichukua muda kuingia ndani na kurekebisha. Mambo yalirudi karibu saa saba usiku. Saa sita hivi za ukimya, na kila mtu akajua ni namba za watu wangapi alizokuwa nazo kichwani.

Pete iliyotangazwa kabla ya Krismasi

Sasa nirudi kwenye mapenzi. Novemba 2007 Facebook ilianzisha huduma iliyoitwa Beacon. Ilikuwa hivi: ukinunua kitu kwenye tovuti fulani zilizoingia mkataba nao, habari ya manunuzi yako inakwenda yenyewe Facebook na kuonekana kwa marafiki zako. Bwana mmoja wa Marekani akamnunulia mkewe pete ya almasi mtandaoni, zawadi ya Krismasi ya kumshtukiza. Habari ikatoka. Marafiki wakaiona, na mke naye akaiona, hadi na punguzo la bei aliloipatia! Kwa mwanamume yeyote unajua hilo la punguzo linavyouma kuliko hata siri yenyewe kuvuja.

Zuckerberg aliomba radhi hadharani Desemba mwaka huo. Bwana yule na wenzake wakaenda mahakamani, Beacon ikafungwa mwaka 2009, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 9.5 kumaliza kesi. Fedha hizo zilikwenda kuanzisha mfuko wa masuala ya faragha na kuwalipa mawakili. Nakupa kisa hiki kwa sababu kilikuwa na heri moja: watu waliona kilichofanyika. Pete ilikuwa pale, inaonekana. Mengi yaliyofuata hayakuonekana.

Januari 2012, kwa wiki moja, kampuni hiyo iliwafanyia majaribio watumiaji 689,003 bila wao kujua. Baadhi walipunguziwa habari za furaha kwenye ukurasa wao, wengine wakapunguziwa za huzuni, ili ionekane kama na wao wataandika kwa furaha au kwa huzuni. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la kisayansi mwaka 2014. Athari iliyopatikana ilikuwa ndogo sana, haki lazima isemwe. Jaribio lilihusu wanaotumia Kiingereza, kwa hiyo huwezi kulisingizia kwa kila siku uliyonuna. Ila niliposomea mawasiliano chuoni tulifundishwa kwamba mtu haumfanyii utafiti bila ridhaa yake. Wao walisema ridhaa ipo, ndani ya masharti yale uliyobofya "nakubali" bila kuyasoma.

Dada aliyehama

WhatsApp yenyewe ilizaliwa ikiwa na msimamo. Waasisi wake, Jan Koum na Brian Acton, walikuwa wakisema wazi kwamba hawataki matangazo. Ilipouzwa 2014 wateja waliambiwa hakuna kitakachobadilika. Agosti 2016 masharti yakabadilika na taarifa za watumiaji, zikiwemo namba za simu, zikaanza kupelekwa Facebook. Waliokuwepo walipewa siku 30 za kukataa sehemu ya mpango huo. Mei 2017 Umoja wa Ulaya uliitoza kampuni faini ya yuro milioni 110 kwa sababu wakati wa ununuzi iliwaambia wakaguzi kwamba kuunganisha akaunti za pande hizo mbili haingewezekana kwa uhakika. Acton aliondoka 2017, Koum akatangaza kuondoka 2018. Juni 2025 kampuni ikatangaza kuingiza matangazo ya biashara kwenye ukurasa ule wa stetasi.

Nisikutishe bure. Tangu 2016 ujumbe wenyewe umefungwa kwa namna ambayo kampuni haiwezi kuusoma. Unachomwandikia mpenzi wako saa sita usiku kinabaki kwenye simu zenu mbili (na kwenye skrinishoti za rafiki yake, lakini hiyo ni mada nyingine). Kisichofichika ni nani anawasiliana na nani, lini na mara ngapi. Jiulize mwenyewe: kumjua mtu anampigia nani kila siku saa sita usiku, je, unahitaji tena kusikia wanachoongea?

Januari 2021 yalipotangazwa masharti mapya mengine, watu wengi duniani walikasirika wakakimbilia Signal na Telegram. Dada yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa mmoja wao. Ni mhasibu, mtu wa msimamo, hasomi kitu nusu. Akatuma ujumbe wa kuaga kwenye magrupu yote, akaeleza sababu zake kwa aya nne, akafuta WhatsApp. Wiki za kwanza alifurahi kwelikweli. Alilala mapema, mumewe akaacha kulalamika.

Miezi michache baadaye baba yetu mkubwa akafariki Korogwe, usiku wa Alhamisi. Akazikwa Ijumaa baada ya swala. Dada akapata habari Jumatatu kazini, mfanyakazi mwenzake alipomshika mkono na kumwambia pole. Alidhani anatania. Alipopiga simu nyumbani kuuliza kwa nini hakuambiwa, mama mkubwa alishangaa kabisa, hana hata chembe ya ubaya: "Mbona tulitangaza kwenye grupu, mwanangu?"

Alipakua WhatsApp palepale mezani kwake, akaingia kwenye grupu na kukuta jumbe za pole zimeshafika mia mbili. Masharti alibofya "nakubali". Hakuyasoma, na sasa hakuwa na sababu ya kuyasoma, maana hata yangesema nini jibu lake lilikuwa lile lile.

Ndiyo maana ninaona suala la "kama hupendi si utoke" ni mzaha mbaya. Na dawa si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Kumbuka pesa za simu zilivyokuwa. Mwenye M-Pesa na mwenye Tigo Pesa walikuwa visiwa viwili, watu wanatembea na laini tatu. Kuanzia 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaunganisha huduma zao, Vodacom akaingia 2016, na tangu hapo unamtumia mtu hela bila kujali yuko mtandao gani. Ulaya wameandika sheria ya namna hiyo kwa meseji: tangu Machi 2024 WhatsApp inatakiwa huko iruhusu programu nyingine ziwasiliane na watumiaji wake. Dada angeishi Ulaya yeye na ukoo mzima, na programu yake ingekuwa imeunganishwa, angebaki alikohamia na taarifa ya Korogwe ingemfikia. Mbunge atakayelisema hilo Dodoma nitampa ukurasa mzima hapa, na picha ya rangi.

Nairobi walivyothubutu

Wengi hudhani mtu wa huku hawezi kumshitaki mkubwa kama huyo. Fedha zake tu zinatisha: mwaka 2024 Meta iliingiza dola bilioni 164.5, nyingi mno kuliko pato la mwaka la Tanzania nzima, na Zuckerberg peke yake ana zaidi ya nusu ya kura za wanahisa. Hata serikali zikigombana nao anayeumia ni mtumiaji. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifunga akaunti ilizosema zina uhusiano na serikali ya Uganda. Serikali nayo ikaufunga mtandao wa Facebook nchini kote. Mwenye duka lake la mtandaoni Kampala hakuulizwa na upande wowote.

Lakini Mei 2022 Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa Nairobi akifanya kazi ya kuchuja video za mauaji na ukatili ili wewe usizione, aliishitaki Meta pamoja na Sama, kampuni iliyomwajiri. Meta ikasema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Februari 2023 mahakama ikasema mamlaka ipo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema vivyo hivyo. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikakubali pia kusikiliza kesi ya Abrham Meareg wa Ethiopia, ambaye baba yake, profesa wa chuo kikuu, aliuawa Novemba 2021 baada ya machapisho ya Facebook kumtaja na kumchochea watu. Kusikilizwa si kushinda. Hata hivyo mlango ambao kampuni ilisema haupo umeonekana upo, tena uko mwendo wa basi la usiku mmoja kutoka Dar.

Na wewe nyumbani

Najua utaniuliza, sasa tufanyeje? Kuhama peke yako nimeshakuonyesha kunavyogharimu, sikushauri. Mimi na mume wangu tulifanya jambo dogo: tulikubaliana kwamba tiki ya bluu si ushahidi. Jambo la haraka linapigiwa simu. Ambalo halijapigiwa simu linaweza kusubiri mpaka jioni. Kama una biashara, chukua Jumamosi moja, namba za wateja wako wote ziandike mahali ambapo si Instagram wala WhatsApp, daftari linatosha. Kama wewe ni katibu wa kamati, yule mjumbe wa kitochi mtumie meseji ya kawaida, usimwandikie "hakuhudhuria".

Kwenye ukoo wetu suala hili lilimalizwa na shangazi yetu wa Muheza, ambaye hajawahi kuwa na WhatsApp na hana mpango. Baada ya yale ya Korogwe alikasirika, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo habari ya msiba haijatolewa mpaka yeye aseme imetolewa. Ana daftari la kaunta lenye majina ya wasio kwenye grupu, anawapigia mmoja mmoja, na vocha tunamchangia. Majina yalianza manne, dada akiwemo, maana aling'ang'ania aandikwe japo amesharudi. Mara ya mwisho nilipolifungua yalikuwa 11, na la nane ni la mjomba aliyelianzisha grupu lenyewe.